UZI: Kabla hujampandisha mtoto bembea kubwa ya maonyesho, uliza daftari la asubuhi

FundiWaAhero

Hamjambo wadau. Msimu wa maonyesho ya kilimo unabisha hodi, na karibuni zile mashine za kurusha na kuzungusha watu zitaanza kushushwa kwenye malori Nakuru, Mamboleo ya Kisumu, Kakamega na Kitale. Watoto wameshaanza kubana shilingi zao. Mimi ni fundi mitambo, kazi yangu yote nimeifanyia kwenye viwanda vya sukari huku ukanda wa Nyando. Kuna jambo linalonisumbua kila nikipita karibu na bembea hizo: sioni mtu akizikagua asubuhi. Naona wakizipaka rangi, naona wakijaribu taa na muziki, kisha geti linafunguliwa.

Nianzie mbali kidogo, kwenye rola kosta za pwani za ng'ambo. Nimezisoma kwa muda mrefu kwa sababu ukiondoa taa zake, ni mitambo ninayoijua: cheni, sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni), beringi, ekseli, breki. Kwa ambaye hajaiona, rola kosta ni treni ndogo isiyo na injini. Cheni inaivuta hadi kileleni, inaiachia, halafu inashuka na kupanda vilima vya reli kwa uzito wake yenyewe hadi breki ziipokee stesheni. Mojawapo ya za mwanzo ilifunguliwa ufuoni Coney Island, New York, mwaka 1884. Nauli senti 5, mwendo wa kama kilomita 10 kwa saa.

Kinachonishangaza ni umri wa zilizobaki. Big Dipper ya Blackpool, Uingereza, ni ya 1923. Giant Dipper ya Santa Cruz, California, ni ya 1924. Cyclone ya Coney Island ni ya 1927. Zote tatu ziko kando ya bahari na zote bado zinabeba watu. Na hewa ya bahari haina huruma: chumvi inakula chuma, mchanga unaingia kwenye beringi, mbao zinalowa na kukauka bila kupumzika.

Zimedumu kwa sababu ya kinachofanyika kabla geti halijafunguliwa. Mafundi wanatembea juu ya njia yote kwa miguu, wamebeba nyundo, spana na tochi. Ubao uliooza unang'olewa, mwingine unawekwa, na ukifuatilia vizuri utakuta mbao nyingi za leo si zile za siku ya ufunguzi. Bolti inagongwa: iliyokaza inalia kwa mlio mkali, iliyolegea inatoa sauti ya kufifia. Kwenye rola kosta za chuma, bolti ikishakazwa kwa spana ya kipimo inachorwa mstari wa rangi unaoanzia juu ya nati na kuendelea hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikijizungusha hata kidogo, mstari unakatika vipande viwili visivyokutana, na fundi anaona akiwa amesimama wima. Kopo moja la rangi linatosha mashine nzima.

Kisha wanashuka kwenye treni yenyewe. Kila behewa lina magurudumu ya namna tatu: ya juu yanayobeba uzito, ya pembeni yanayolizuia lisiyumbe, na ya chini ya reli yanayolizuia lisiruke. Hayo ya chini yalisajiliwa na Mmarekani John Miller mwaka 1919, na ndiyo yaliyowezesha watu kujenga vilima vikali. Fundi anayazungusha yote kwa mkono, anasikiliza beringi, anatazama kama mpira umemenyeka. Anajaribu vizuizi vya viti kimoja kimoja, kuvuta na kusukuma. Anakagua yale meno ya chuma yanayoshika treni isirudi nyuma cheni ikikatika. Mlio wa ta-ta-ta unaousikia treni ikipanda ni meno hayo yakiruka hatua kwa hatua. Halafu treni inatumwa tupu, inazunguka mara kadhaa, mtu akisikiliza. Mwisho wanaandika kwenye daftari na kutia saini. Saini ikikosekana, haifunguliwi.

Baridi ikiingia, bustani nyingi za huko hufungwa kwa miezi. Hapo treni hufumuliwa mpaka kwenye ekseli, na ekseli zinapimwa nyufa. Sisi wa sukari tunaelewa hiyo lugha, ni kama kiwanda kikifungwa kwa matengenezo ya mwaka.

Karibuni tujadili.

KasagamYout

Mzee, heshima zako. Lakini si unalinganisha vitu viwili tofauti? Hizo ni rola kosta za mamilioni. Hapa kwetu ni gurudumu la kupanda juu, ile meli ya kubembea, na vigari vya watoto. Na ziwa letu halina chumvi. Kutu ya bahari inatuhusu nini?

FundiWaAhero

Swali zuri kijana wangu, na nilitaka mtu aliulize.

Tarehe 26 Julai 2017, kwenye maonyesho ya jimbo la Ohio, Marekani, mashine iitwayo Fire Ball ilivunjika ikiwa hewani. Maonyesho yenyewe ni ya ng'ombe na mahindi kama haya yetu, na Ohio haina bahari. Mashine ilikuwa ya kuhamahama: inafunguliwa, inapakiwa, inaenda mji mwingine. Safu ya viti ilikatika, kijana mmoja akafa na wengine saba wakaumia. Watengenezaji walipochunguza walisema boriti iliyoshikilia viti ilikuwa imeliwa na kutu kwa ndani, miaka na miaka, mpaka ukuta wa chuma ukawa mwembamba kupita kiasi. Kwa ndani. Na mashine ilikuwa imekaguliwa na kupitishwa siku hiyohiyo.

Maji ya mvua yanaingia kwenye bomba lililofungwa na hayana pa kutokea. Hayahitaji chumvi, yanahitaji muda tu. Chuma cha mviringo au cha mraba kilicho wazi ndani kinaoza kuanzia upande usioonekana, na kila mwaka rangi mpya inapakwa nje. Nimekata mabomba ya kiwandani yaliyong'aa kwa nje, na ndani yakamwaga magamba ya kutu kiganja kizima. Ndiyo maana kuna kifaa cha kupima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti: unakibandika upande mmoja, kinakusomea milimita zilizobaki bila kutoboa. Viwanda vya sukari vinavyo, bandari wanavyo. Mwenye bembea anaweza kumkodi mtu wa kuja nacho kwa siku moja.

Na hizi mashine zetu nyingi zimeletwa zikiwa za mitumba, zimeshatumika nchi nyingine. Umri peke yake haunitishi, nimetoa mfano wa 1923 makusudi. Kinachonitisha ni mashine ambayo hakuna anayeweza kukuambia ekseli yake ilipimwa lini.

RelweMstaafu

Ndugu fundi, umenigusa. Mimi nilikuwa upande wa ishara za reli. Niongezee jambo ambalo naona hukuligusa, nalo ni jinsi treni mbili zisivyogongana.

Rola kosta kubwa inaendesha treni zaidi ya moja kwa wakati. Njia yake imegawanywa sehemu, na kanuni ni ileile ya reli: sehemu moja, treni moja. Mwisho wa kila sehemu pana breki au mahali pa kuisimamisha. Treni ya nyuma hairuhusiwi kuingia mpaka ya mbele iwe imetoka na chombo cha kuhisi kimethibitisha. Kwa hiyo ukiwa na sehemu tano huwezi kuendesha treni tano. Lazima moja ibaki tupu ili wengine wapate pa kusogea. Na breki zimejengwa ziwe zimefunga wakati wote, hewa ya shinikizo ndiyo inayozifungua. Hewa ikipotea, zinauma zenyewe. Breki za kuegesha za lori kubwa hufanya hivyohivyo.

FundiWaAhero

Asante sana mzee wetu. Na mfumo huo ukipuuzwa tunajua kinachofuata. Juni 2, 2015, bustani ya Alton Towers, Uingereza, rola kosta iitwayo The Smiler. Treni tupu ya majaribio ilikuwa imekwama katikati ya njia. Kompyuta ikaona sehemu ina treni, ikazuia iliyokuwa nyuma, ambayo ilikuwa na watu 16. Mafundi hawakujua kuhusu hiyo iliyokwama, wakaamini kompyuta imekosea, wakaipuuza na kuiachia treni yenye watu kwa mkono. Wasichana wawili walipoteza mguu kila mmoja. Kampuni ilitozwa faini ya pauni milioni 5 mwaka uliofuata.

Mashine ilikuwa imesema kweli. Watu walikuwa na haraka, na hakuna aliyetoka nje kuhesabu treni kwa macho. Hilo ndilo ninalolirudia kwa vijana ninaowafundisha kazi: kizuizi kikilia, kwanza nenda ukaangalie kilichokifanya kilie. Nimeona mtu akifunga swichi ya usalama kwa waya ili mkanda wa miwa usisimame. Siwezi kulisahau hilo.

WeldaKibuye

Mimi ni welda wa jua kali hapa Kibuye. Nisiongopee mtu, nimeshaletewa kazi za bembea. Mkono umekatika, mwenyewe anataka jioni. Nachomea, nasaga, napaka rangi, anaenda. Kuna ubaya gani kama mchomeleo umeshika vizuri?

FundiWaAhero

Kaka, asante kwa kusema wazi, na kazi yenu naiheshimu, tumeziokoa mashine nyingi za kiwanda kwa mikono ya Kibuye. Nikupe kisa kimoja halafu tuzungumze ufundi.

Stockholm, Uswidi, bustani ya Gröna Lund iko ukingoni mwa maji. Juni 2023 treni ya rola kosta yao iitwayo Jetline iliharibika ikiwa kwenye mwendo, mtu mmoja akafa na wengine wakaumia. Wachunguzi wa serikali walikuta mkono mmoja unaoshikilia magurudumu ulivunjika. Ulikuwa mpya. Mikono hiyo ilikuwa imeagizwa kutoka karakana nyingine, na haikuchomelewa kwa namna iliyotakiwa. Kwa macho ilikaa sawa.

Sasa ufundi. Chuma kinachobembea kinapokea mzigo, kinaachia, kinapokea tena, maelfu ya mara kwa siku moja ya maonyesho. Kinachoka. Ufa unaanzia ukingoni mwa mchomeleo, pale ulipokutana na chuma cha asili, hasa ukiacha kijishimo. Ukichomea juu ya ufa bila kuuchimba wote mpaka mwisho wake, umeufunika tu, na joto lako limekifanya chuma cha kando kiwe kigumu na chepesi kukatika. Halafu bado unahitaji kujua chuma chenyewe ni cha aina gani. Bomba la duka la vifaa si sawa na lile mtengenezaji alilolipigia hesabu.

Usipokee kazi ya mkono wa bembea bila mchoro wa mtengenezaji. Ukipokea, pima kwa dawa ya kuonyesha nyufa. Nadhani unaijua: makopo matatu. Unasafisha chuma mpaka king'ae, hakuna rangi wala grisi. Unapuliza dawa nyekundu, unaiacha kama dakika kumi izame. Unaipangusa yote mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kisha unapuliza ile nyeupe na kusubiri. Kama pana ufa, wekundu unaanza kutokeza kwenye weupe, mstari mwembamba kuliko unywele, unarefuka ukiutazama. Mara ya kwanza kuuona kwenye shafti ya kinu nilinyamaza kabisa. Shafti ilikuwa inasaga miwa asubuhi hiyo, na hakuna aliyesikia lolote.

WeldaKibuye

Hiyo dawa naijua, nimeona ikitumika karakana ya meli kule bandarini. Sikuwahi kufikiria kuitumia kwenye bembea. Makopo hayo si ya bei ya kutisha. Nitamwambia mteja akilipie au apeleke kazi kwingine.

MamaWawiliNakuru

Fundi, mimi si mtu wa spana. Nina watoto wawili na nitawapeleka maonyesho hapa Nakuru, hata nikikataa baba yao atawapeleka. Nikifika pale nitazame nini? Na serikali inasema nini?

FundiWaAhero

Mama, macho yako yanatosha zaidi ya unavyodhani. Mwishoni mwa Juni 2023, bustani ya Carowinds, Marekani, mgeni wa kawaida tu alitazama juu akaona nguzo ya rola kosta ya Fury 325 imepasuka, na treni ikipita nguzo inaachana kabisa. Alichukua video akawaonyesha wahusika. Ilifungwa siku hiyo. Mashine ya futi 325, mafundi wa mshahara, na aliyeona ni mzazi aliyesimama chini.

Kwa hiyo usiende moja kwa moja dirisha la tiketi. Simama kando uitazame ikizunguka na watu mara mbili tatu. Tazama miguu yake kwanza. Nakuru mna udongo mwepesi wa volkano unaofunguka nyufa mvua ikinyesha, sisi wa tambarare ya Kano tuna udongo mweusi unaovimba na kupasuka. Mashine inapaswa kukaa juu ya mbao pana au vyuma vipana, na isizame upande mmoja. Ukiona mguu umeegemezwa kwa mawe au matofali yaliyopangwa, ondoka. Ukiona mashine nzima inatikisika chini ikizunguka, ondoka.

Tazama pini. Pale vyuma vinapounganishwa kuna pini nene, na kila pini inapaswa kuwa na kipini kidogo cha kuizuia isichomoke. Ukikuta kipande cha waya wa kufungia ua, au msumari uliokunjwa, hilo ni jibu tosha. Tazama mistari ya kutu inayotiririka kutoka kwenye maungio juu ya rangi. Kutu inayolia hivyo mara nyingi inatoka kwenye ufa au bolti iliyolegea.

Mtazame opareta. Je, anapita kila kiti akivuta kizuizi kwa mkono wake, au anapiga kelele tu "shikeni vizuri"? Anapima urefu wa watoto? Kizuizi kilichotengenezwa kwa mtu mzima hakimshiki mtoto wa miaka minne hata kikifungwa.

Hali ya hewa nayo. Huku kwetu mvua ya radi inaingia alasiri, na watu wa Kisii na Kakamega wanajua radi ni nini. Kanuni ya Ulaya iitwayo EN 13814 inazipigia hesabu mashine za kuhamahama zifanye kazi kwenye upepo usiozidi mita 15 kwa sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa. Matawi makubwa yakianza kuyumba na wingu limekuwa jeusi, usingoje mtu akutangazie.

Kuhusu serikali: tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Boila, lifti, kreni na matangi ya hewa hukaguliwa na mtu aliyeidhinishwa, na cheti kinatolewa. Kwa hiyo ukiomba kuona cheti cha mkaguzi huombi kitu cha ajabu, jina la mkaguzi na tarehe viko hapo. Uingereza kila mashine ya namna hii hupitiwa na mkaguzi huru kila mwaka kwa mpango wao wa ADIPS, na bado wanataka ukaguzi wa kila siku juu yake. Ukishaona cheti, uliza daftari la leo asubuhi. Ohio walikuwa na kibali. Cheti ni cha siku moja ya mwaka, na mtoto wako anapanda leo.

KasagamYout

Wengi watacheka ukiwauliza daftari.

FundiWaAhero

Wacheke. Wazazi kumi wakiuliza siku moja, siku ya pili litakuwepo.

OparetaMsafiri

Nimeusoma huu uzi wote kimya. Mimi ndiye huyo opareta. Tumezunguka Eldoret, Kitale, Busia, Kisumu. Sitataja mwajiri. Niwaambie hali ilivyo: tunafika usiku, tunaunganisha mashine kwa taa za lori, asubuhi foleni iko tayari. Kuna siku nilisikia beringi ya gurudumu ikisaga, nikasema tusimamishe. Nikaambiwa foleni ikiisha ndiyo tutaangalia. Nikaendelea. Jioni tukaifungua, gololi za ndani zilikuwa zimevunjikavunjika. Nina watoto pia. Daftari hatujawahi kuwa nalo. Nikitaka kulianza mwenyewe, nianzeje? Na nikiona kasoro na bosi amekataa?

RelweMstaafu

Kijana, umefanya vyema kusema. Relini mtu wa ishara alikuwa na haki ya kuishikilia treni, awe nani aliyemo ndani. Bila haki hiyo ishara ni taa tu.

FundiWaAhero

Mwanangu, Agosti 2024 Cyclone ya Coney Island, ile ya 1927, ilisimamishwa katikati ya safari ikiwa na watu. Abiria walishushwa kwa miguu. Ufa ulikuwa umeonekana kwenye sproketi ya cheni. Wakaifunga katikati ya msimu wa joto, wakati pesa inaingia, mpaka sproketi ikarekebishwa na wakaguzi wa jiji wakaridhika. Mpe bosi wako mfano huo. Mwambie mashine iliyofungwa wiki mbili ilifunguliwa tena, na hakuna aliyezikwa.

Akikataa, wewe usiandike saini. Andika kasoro, saa uliyoiona, na jina la uliyemwambia. Piga picha ya ukurasa. Siku ya kuulizwa, ukurasa huo utasema kwa niaba yako, na bosi akijua upo atafikiri mara mbili. Ofisi za usalama kazini zipo kwenye kaunti, unaweza kwenda.

Daftari lenyewe ni la shule, lenye kurasa nyingi, lisiwe la kuchomoa karatasi. Chora safu: tarehe na mahali, miguu na udongo, pini na vipini vyake, bolti na mistari ya rangi, beringi kwa kusikiliza, vizuizi vya viti namba kwa namba, breki, nyaya na swichi ya kusimamisha dharura, mizunguko mitupu. Usiweke alama ya vema kwenye kitu ambacho hukukigusa. Kiti cha tatu kikiwa na kasoro, kifunge kwa kamba, andika "namba 3 haitumiki", usikifungue mpaka aliyekitengeneza atie jina lake. Kila mkihama mji mnaanza upya, maana mashine imefunguliwa na kuunganishwa tena, na kosa la kuiunganisha usiku kwa taa za lori ndilo kubwa kuliko yote. Omba muiunganishe mapema, au msifungue geti kabla hakujapambazuka mkaiona vizuri.

Na ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya tarehe yoyote, andika aina ya mashine, nchi ilikotengenezwa, mwaka, namba iliyogongwa kwenye kibao chake, na kila unachojua kuhusu matengenezo ya nyuma. Pasipo na habari, acha nafasi tupu umwonyeshe bosi. Mkifika Mamboleo nitafute kwa ujumbe wa ndani, nitakuja na makopo yangu matatu tuanze na ekseli.

WeldaKibuye

Nitakuja na grainda ya kusafishia rangi. Sitaki malipo.

OparetaMsafiri

Tunashusha Jumanne. Daftari nimenunua leo.